Shauri Langu kwa Dresa Mzaramo

Tabora, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Jua la mwisho wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye meno. Moyo hauko sawa.

Niseme kwanza jambo ambalo kila mtu analijua: bila mimi mji huu usingetembea. Mapadri wa Kipalapala wanafika sokoni kwa minyororo niliyoiunga mimi. Makarani wa boma wanakalia viti vya baiskeli nilivyovishona mimi kwa mkono. Hata treni, na hapa sizidishi, inaondoka kwa hisani yangu, maana mpiga kengele wa stesheni anakuja kazini kwa baiskeli ambayo fundi mwingine alikwisha kuitangaza maiti. Nikiugua siku mbili, Tabora inakwenda kwa miguu.

Ndiyo maana Jumatatu sikushangaa nilipoitwa.

Aliyeleta wito ni Mwajuma, binti wa dada yangu, anayefanya kazi ya kufua mashuka hospitali. Alisimama mlangoni pa banda langu hapa Mtendeni, akaniamkia, nikamwitikia, akasema, "Mjomba, Alhamisi asubuhi unatakiwa hospitali. Kuna shauri." Halafu akaondoka upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Sasa, mimi nimesoma. Darasa la tatu nililimaliza, la nne nikalichungulia dirishani, na jeshini nilijifunza kuandika mpaka wenzangu wakawa wananiomba niwaandikie wake zao barua. Maana ya maneno naijua. Shauri ni jambo la wakubwa. Mkuu wa wilaya mwenyewe tunamwita Bwana Shauri. Nikaona wazi kabisa: hospitali inataka baiskeli za kupelekea dawa vijijini, na Bwana Shauri amewaonya wasiguse hata spoki moja kabla hawajasikia maoni yangu.

Jioni nikaitangaza habari hiyo kwenye kahawa. Idi, fundi viatu ambaye banda lake limegusana na langu, akanitazama juu ya kikombe chake.

"Shauri la kutoa au la kujibu?"

"La kutoa," nikamwambia.

"Uliza vizuri, ndugu yangu. Kuna watu wameitwa kwa shauri wakarudi baada ya miezi sita, vichwa vimenyolewa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikawaongezea kwamba huenda wakanipa na kofia.

Hakuna aliyemtaja Zuhura. Zuhura ni mke wangu, na hii ni wiki ya tatu yuko kwa kaka yake Kigwa. Alipanda treni ya mchana na sanduku lake na kuku mmoja. Watu nimewaambia amekwenda kuuguza. Kigwa hakuna mgonjwa. Ujumbe alioutuma kwa mdomo wa Mwajuma nimeukariri kama sura ya kitabu: "Mwambie mjomba wako nitarudi siku atakapoisema kweli ya siku ile kwa mtu mmoja. Yeyote. Si lazima niwe mimi."

Mwajuma aliniuliza, siku ile ni siku gani. Nikamjibu kwamba wanawake wana siku nyingi, nani atazikumbuka zote.

Mimi naikumbuka.

Basi leo asubuhi nikavaa koti langu la kaki la jeshini, nikabandika nishani zote mbili, nikapita mbele ya Idi polepole ili apate muda wa kutazama. Hospitali nikamwambia mlinzi, "Nimekuja kwa shauri." Sikupelekwa ofisini. Alininyooshea kidole nyuma, kwenye kijumba kilicho karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nje ya kijumba palikuwa na benchi, na juu ya benchi mwanamke mmoja analia bila sauti, na mzee anayetazama kidole chake gumba kana kwamba amekiokota.

Nikajua pale pale kwamba hapa hainunuliwi baiskeli.

Niligeuza. Niandike kweli, niligeuza baiskeli kabisa na mguu mmoja ulikuwa juu ya pedali. Mwajuma akatokea na karai la nguo kichwani, akasimama katikati ya njia.

"Mjomba, nafasi hii nimekuombea wiki mbili. Sikukwambia ni shauri gani kwa sababu usingekuja."

"Kwa hiyo umenidanganya mtu mzima."

"Nimesema kuna shauri, na lipo. Ukiondoka sasa, mkaza mjomba nitamwambia nini? Kila treni ikitoka huko ananiletea salamu, na kila salamu ni swali."

Aliposema hivyo sauti ilimtoka nyembamba. Mwajuma huyu nilimbeba mgongoni akiwa na meno mawili. Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

Hapakuwa na Bwana Shauri. Shauri lilikuwa mimi.

Nitaandika chumba kilivyo, kwa sababu siku tatu hizi, kama ningelijua linaloningoja, nisingejivisha vyuma kifuani. Na kama yuko mwanamume mwingine ataitwa kwa shauri la namna hii, na kwa bahati daftari hili likamwangukia mkononi, asiogope bure. Ogopa yanayostahili, mwenzangu, mengine acha.

Hakuna kitanda. Hakuna sindano, ingawa mimi nilikwisha kukunja mkono wa koti. Kuna viti viwili, na havitazamani uso kwa uso. Vimekaa ubavu kwa ubavu, vimepinda kidogo tu, kama vya watu wanaongoja treni moja. Kuna mtungi wa maji na kikombe. Mlango unarudishwa lakini haupigwi kufuli. Alinionyesha mwenyewe, akaufungua na kuurudisha mara mbili, nione.

Yeye ni dresa, mtu wa makamo kama mimi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wakati wa vita alikuwa katika hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, na daktari mmoja akamfundisha kwamba kuna majeraha ambayo ukichukua bandeji huoni pa kuanzia. Mengine yote ya wiki anafunga vidonda kama madresa wengine. Alhamisi anaachiwa kijumba hiki asikilize watu.

Alipojibu salamu yangu nikaisikia lafudhi. Mzaramo. Mwili wote ukanilegea kwa furaha, maana Mzaramo ni mtani wangu. Tangu enzi za misafara, babu zetu Wanyamwezi wakishuka pwani na pembe mabegani, Wazaramo walikuwa wakiwangoja njiani. Wakagombana, wakapatana, wakagombana, mwisho ukawa utani: yeye ananitukana, mimi namnyang'anya kofia, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika.

"Kumbe ni mwizi wa kuku kutoka pwani," nikamwambia. "Serikali imekosa watu?"

"Karibu, mpagazi," akasema. "Kaa. Kiti hicho kinakaliwa tu, usihangaike kukitia begani."

Tukaenda hivyo kitambo. Nikampa habari za babu yangu, aliyebeba pembe mbili wakati wenzake walibeba moja, kutoka hapa mpaka Bagamoyo bila kutua, usingizi akiulala akitembea. Akasema bibi yake alimwona babu huyo, na alichobeba ni kapu la mihogo, na mihogo yenyewe ilikuwa ya bibi. Nilicheka mpaka nishani zikalia. Nikajiambia, kama shauri lenyewe ndilo hili, nitakuja kila siku.

Halafu akaacha kucheka. Hakukasirika, hakukunja uso. Aliacha tu, kama mtu anayetua kikombe.

Akaniuliza kama nalala. Nikasema kama gogo. Akaniuliza gogo hilo linaamka mara ngapi. Akaniuliza ninakula nini, na nani anapika sasa, na kama kuna sauti zinazonishtua. Akasema nitakayoyasema hayataingia kwenye kitabu cha hospitali, na Mwajuma akimuuliza, atamwambia nimekuja, basi. Nikamwomba dawa. Hana. Nikamuuliza kazi hii inamalizika baada ya siku ngapi, maana mimi nikipokea baiskeli humwambia mtu siku ya kuichukua.

"Sijui," akasema. "Alhamisi kadhaa. Na leo utatoka umechoka kuliko ulivyoingia. Usidhani umeharibika."

Mtu wa ajabu. Fundi gani anakwambia hivyo mlangoni.

Nikaona nimsaidie. Nikampa hadithi ya chui milia wa Burma, ile ambayo Tabora nzima inaijua, nilivyomshika mkia kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na chai. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakubisha.

"Halafu?" akasema.

Nikamleta chui wa pili.

"Halafu?"

Kwenye kahawa hakuna anayeuliza halafu mara ya tatu. Wakishauliza mara moja, mtu mwingine analeta uongo wake na mimi napumzika. Huyu aliuliza, na tena akauliza, mpaka nikaishiwa chui.

Kikaja kimya. Hilo ndilo ninalosema liogopwe. Sindano ni jambo dogo. Unakaa na mtu ubavuni, nje unasikia mashuka yanapigwa na upepo, na hakuna anayekuokoa. Nilianza kutafuta spoki za kuhesabu kwenye kiti ambacho hakina spoki.

Nikajisikia nasema, Kasimu.

Watu wanajua kwamba mimi Burma nilibeba mzinga. Ni kweli. Kwamba mzinga wenyewe ulikuwa umefunguliwa vipande ndani ya masanduku, na kazi yangu ilikuwa kulipeleka sanduku moja kutoka hapa hadi pale, sioni kama lina uzito. Kubeba ni kubeba. Tulikuwa mstari mmoja kwenye njia ya matope, na Kasimu, mtu wa Sikonge, alikuwa nyuma yangu. Kamba ya mzigo wangu ikalegea. Nikasogea kando kuikaza. Kasimu akanipita, akasema, "Mtoto wa mpagazi, kamba inakushinda?" Akacheka. Akaenda hatua kama kumi.

Ardhi ikapasuka pale alipokanyaga.

Kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Mahali pale palikuwa pangu mimi. Miaka yote hii nimemsimulia kila mtu habari za chui, na Kasimu sijamtaja hata kwa Zuhura.

Dresa hakusema pole. Alimimina maji, akanipa kikombe, akangoja nimalize kunywa. Ndipo akauliza, "Na katika mji wenye jua kama huu, fundi baiskeli unafanyaje tairi zinapopasuka?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Tairi likipasuka, mimi nipo chini. Sijui nimefikaje, lakini nipo chini ya meza ya kazi, mikono kichwani. Wateja huwaambia natafuta parafujo. Mwezi uliopita nimetafuta parafujo mara nne.

"Na mkeo aliondoka baada ya parafujo ipi?"

"Ya mwisho," nikasema.

Nikamweleza. Siku hiyo adhuhuri palikuwa na wateja watatu, na Idi amekuja kuazima koleo. Mmoja wa wateja akajaza upepo mwenyewe, akazidisha, na tairi limekaa juani. Likapasuka. Mimi nikaenda kutafuta parafujo. Zuhura alikuwa analeta ndoo ya maji kujaza lile karai ninalozamishia mipira ili nione pancha inapotoa mapovu. Akateleza, maji yote yakaniangukia mimi kiunoni. Mwenyewe alisema mbele ya watu, "Nimeteleza, jamani, nimemlowesha mwenzenu." Nami nikasimama, nikajipangusa, nikawaambia watu, "Mnamwona huyu? Tangu nimtoe Kigwa hajajua hata kubeba ndoo." Wakacheka. Nikaona wamecheka vizuri, nikaongeza na mengine, kuhusu mama yake. Zuhura akaikusanya khanga yake, akaingia ndani. Kesho yake akapanda treni.

Dresa akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo amekasirika kwa sababu ulimtukana."

"Hasa."

"Basi angedai umwombe radhi. Kwa nini anadai useme kweli?"

Nilisimama. Nilimwambia yeye ni fisi wa pwani, baba yake fisi, na miwani yake ameiiba kwa maiti. Nilisema na mengine ambayo daftari halitayapenda. Yeye akakaa vile vile, akiitikia kwa kichwa kila tusi kama anapokea mizigo stesheni. Nilipokwisha, akasema, tena kwa upole:

"Mimi mtani wako. Siku ukifa, watani ndio watakaokuja kuchimba kaburi, na ndio watakaokuigiza msibani unavyotembea na unavyosema uongo, mpaka mjane wako acheke na machozi yake. Ni haki yetu, hata boma haliwezi kutuzuia. Sasa nionyeshe mapema mtu mwenyewe ni yupi, nisije nikamwigiza mwingine."

Nikakaa.

Sikusema. Mdomo ulifunguka, nikahisi neno liko kwenye meno, kisha nikamwambia kwamba nje kuna watu wanangoja zamu yao. Hakunilazimisha. Akasema tuonane Alhamisi ijayo, na koti niliache nyumbani, joto kali. Akasema kama mdomo unakataa, niandike kwanza, nione neno lenyewe linakaaje kwenye karatasi.

Nilirudi nikiikokota baiskeli. Miguu ilikuwa kama imetembea na msafara mzima mgongoni, na alisema itakuwa hivyo, kwa hiyo sikuogopa sana. Idi alikuwa anapiga misumari kwenye soli. Akaitoa misumari mdomoni.

"Shauri limekwendaje?"

"Baiskeli kumi na mbili," nikasema. "Wanangoja barua kutoka Dar es Salaam."

Unaona? Mdomo huu una mwendo wake, haunisubiri.

Idi hakucheka. Alinitazama, akaushika tena msumari, akauliza, "Na Zuhura anarudi lini?"

"Karibuni."

Aliniuliza mara moja tu, akaendelea kugonga. Niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda na koti langu. Sijui kama atarudi. Dresa mwenyewe hakusema atarudi. Kaka yake Zuhura hakunipenda tangu siku ya posa, na wiki tatu kwa kaka ni muda wa kutosha mtu kuzoea. Kama nikichelewa Alhamisi mbili tatu zaidi, atakuwa amepanda mihogo huko. Nikimkosa Zuhura nitabaki na chui wangu wawili na watu wa kahawa, na watu wa kahawa wana nyumba zao za kurudi.

Alhamisi nitasema. Nitamwambia Mzaramo, kwani ndiye aliyepatikana, na akitaka acheke. Lakini wiki ni ndefu, nami najifahamu, mpaka siku hiyo nitakuwa nimekwisha kulitengenezea hadithi. Kwa hiyo niliandike sasa, mlango umefungwa, kabla mdomo haujapata nafasi.

Zuhura hakuteleza. Aliniona nilivyo pale chini, akaja mbio na ndoo, akanimwagia yote kwa makusudi, kabla wateja hawajaitazama suruali yangu.

Nilikuwa nimejikojolea.